Nimetafuta asili yetu, sasa naogopa harusi ya mdogo wangu

Admin, nifichie jina, maana ndugu zangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, Mgogo, naishi Kikuyu hapa Dodoma.

Mdogo wangu wa kiume anaoa mwezi ujao. Tulipoenda kujitambulisha ukweni, Bahi, mzee wao alitaja mababu zake mmoja mmoja hadi Chitema, aliyekamatwa na askari wa Mjerumani kwenda kujenga reli, asirudi tena. (Majina nimebadilisha.) Zamu yetu ilipofika, tuliishia kwa babu mzaa baba. Tuliona aibu, nikajitolea kuulizia. Baba ni marehemu, kwa hiyo nilianza na dada yake, shangazi yangu.

Alinijibu vizuri mpaka nilipouliza babu alizaliwa na nani. Hapo akataka tuongee mengine. Nilimbembeleza sana, ndipo akaniambia kwamba Ndahani, ambaye tunabeba jina la ukoo wake, alikamatwa pamoja na rafiki yake, wakabebeshwa mawe ya tuta la reli. Rafiki alijaribu kutoroka, akachapwa viboko mpaka akafa. Ndahani alipopata upenyo alikimbilia kwa mke mdogo wa marehemu kumpa habari. Kwa kuogopa askari wangemfuata pale, wakahama wote wawili bila kuaga mtu. Yule mama alikuwa na mimba ya marehemu. Mtoto aliyezaliwa akapewa ukoo wa Ndahani, na huyo ndiye babu yetu.

Nikauliza rafiki aliitwa nani.

"Chitema wa Bahi," alisema. "Baba yako alijua. Aliniapisha nisiseme."

Nilipomweleza mchumba anatoka kwa nani, shangazi aliinuka akafunga mlango. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, ni kaka na dada. Akanisihi nisimwambie mtu yeyote.

Sasa juzi mdogo wangu kaninong'oneza, kwa furaha, kwamba binti ana mimba.

Nikisema, nitaivunja ndoa na mtoto azaliwe kwenye aibu. Nikinyamaza, nahofia laana itakayowapata, na mimi nilijua. Jana mzee wa Bahi alipiga simu kuuliza kama nimepata majina ya mababu. Nikamwambia bado natafuta. Amesema atapiga tena kesho.

Ndugu zangu, nisaidieni mawazo. Akipiga, nimwambie nini?