Mwarobaini wa mama mkwe na kinu cha nje

Nimekaa ukingoni mwa bwawa langu la samaki, hebu nishaurini haraka.

Sato wangu walikuwa wameanza kutoka vidonda.

Mama mkwe akasikia, akapanda basi toka Nyantakara na mfuko wa majani ya mwarobaini. Unayatwanga, unachuja, unamwaga maji yake bwawani. Kwao wanatibia hivyo samaki wao, na mimi mwenyewe nilimwomba.

Mchana huu nimerudi toka shambani nikakuta ameshamaliza.

"Shikamoo mama. Dawa umeshaiweka?"

"Marahaba mwanangu. Nimemwaga yote. Kinu cha jikoni kilikuwa na kisamvu chako, nikatwangia kwenye kile cha nje."

Jamani.

Kinu cha nje ni cha utupa. Mume wangu anatwangia majani ya utupa ya kufukuzia fuko kwenye mihogo, na akimaliza hakioshi. Na utupa ndio huohuo wazee walikuwa wanamwaga mtoni, samaki wakalewa, wakaokotwa kwa mikono.

Nimefungulia mfereji maji mapya yaingie. Mama sijamwambia kitu. Naanzia wapi, mtu kasafiri toka alfajiri kwa ajili yangu?

Mwenye kujua kama maji mapya yanatosha aandike hapo chini, nasoma zote.

Sato wameanza kupanda juu mmoja mmoja, midomo wazi.

Mama mkwe kaja kukaa karibu yangu, anawatazama, anatabasamu.

"Unaona? Dawa imewaingia. Wanakuja kushukuru."