Jogoo wa Kilemba cha Msumeno

Bi Pindo alikuwa mwoga, na tuseme hivyo mapema tusije tukamwonea baadaye. Aliogopa ngazi, aliogopa simu ikilia alfajiri, aliogopa madaktari, ingawa aliwapigia pasi makoti yao miaka ishirini na saba katika chumba cha kufulia cha hospitali mpaka akastaafu. Lakini hakuna kitu kilichomtia tumbo joto kama asubuhi ya kuchagua kuku wa mbegu. Siku hiyo hali kitu. Hata chai anaizungukia tu mpaka inapoa.

Jina la Pindo alipewa mtaani kwa ajili ya hao hao kuku. Ni Wayandoti, kuku wanene wa duara, ambao kila unyoya wao ni mweupe katikati na umezungushiwa ukingo mweusi, kama kitambaa kilichokunjwa pindo. Wageni wakilisikia jina hilo humletea suruali za kupunguzwa miguu. Zamani aliwafukuza. Siku hizi anazipunguza, yaishe.

Na kuchagua kwenyewe si mchezo. Kuku anasimamishwa juu ya meza karibu na dirisha, kwenye kivuli, maana jua kali linadanganya. Umbo kwanza, ndipo rangi. Ukianza na manyoya utalewa manyoya, usione kwamba chini yake kuna mgongo mrefu kama benchi. Mgongo uwe mfupi, kifua kijae, miguu iwe ya njano tena iliyoachana. Kisha unafungua bawa, unyoya kwa unyoya. Pindo likiwa nene huku na jembamba kule, hapana. Weupe ukiwa na vumbi jeusi katikati, hapana, tena hapana kabisa. Mwisho ni kilemba, ile nyama nyekundu ya utosini. Wayandoti wa heshima ana kilemba bapa, kilicholala kichwani. Akitokea mwenye kilemba kilichosimama wima na meno kama msumeno, huyo kwa Bi Pindo ni aibu ya familia. Anafichwa uani nyuma ya tangi la maji, ananenepeshwa, halafu anapelekwa kwa shemeji.

Shemeji, mume wa mdogo wake, alikuwa na bucha ya kuku nyuma ya kituo cha mafuta. Mtu wa maneno mengi. Kila akiletewa kuku huuliza, "Shemeji, huyu kakosa nini? Maana mimi nimekosa mengi kuliko yeye na mdogo wako bado ananipikia."

Sasa mwaka uliopita jogoo mkubwa wa Bi Pindo alikufa kwa uzee. Katika watoto wake akachagua wawili wa kushika nafasi yake. Jamani, hao wawili! Pindo kama limechorwa kwa kalamu, kilemba bapa hakina hata chunusi ya kusimama. Kwa mara ya kwanza maishani alilala usingizi mzuri baada ya kuchagua.

Usingizi wenyewe haukudumu. Aliweka mayai sitini kwenye mashine ya kutotolea. Siku ya saba akaingia stoo, akaziba dirisha kwa blanketi, akayamulika kwa tochi moja moja. Yote yalikuwa meupe ndani, matupu, kama taa isiyo na kitu. Hayakuwa na mbegu. Akapiga moyo konde, akaweka mengine sitini. Meupe vile vile.

Hapo ndipo hofu ilipomkaa mwilini. Mitetea wake walikuwa tisa tu, wote wameshaanza kuzeeka, na kila mwezi walitaga kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Wayandoti wengine hakuwajua popote. Wakiisha hawa, wameisha. Alibadilisha chakula. Alinunua vitamini. Aliwapunguza majogoo manyoya ya nyuma kwa mkasi, labda ndiyo yanayowazuia kupanda mitetea, na wao wakamtazama kama mtu aliyewavunjia adabu. Wapi! Usiku alilala macho, akihesabu mayai matupu. Alijiambia, nimeua kitu nilichokabidhiwa kikiwa hai.

Aliyemkabidhi ni bibi mmoja mfugaji, aliyempa mayai ya kwanza na kumfundisha kazi yote miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa alikuwa hoi kitandani kwa binti yake, mji mwingine. Bi Pindo aliogopa kumpigia simu. Angeanzaje? Mpaka siku moja, muda mfupi baada ya kumpelekea shemeji majogoo wanne wa msumeno, uzao wa mwisho wa yule jogoo mzee, akajikaza, akapiga.

"Mama, mayai yangu hayana mbegu," akasema.

Bibi akakohoa kwanza. "Wenye msumeno umebakiza wangapi?"

"Hata mmoja. Miaka yote hii sijamwacha hata mmoja kwenye mbegu," alisema Bi Pindo, akitegemea kusifiwa.

Alisikia kitanda kikilia, bibi akijiinua.

"Mungu wangu," bibi akasema. "Na wale vijogoo wangu wa msumeno, wa nyuma ya jiko, ulidhani ni wa nini?"

"Wa supu, Mama."

"Supu! Hao ndio waliokuwa wakinitilia mbegu, mwanangu! Bapa akizalishwa na bapa mwaka baada ya mwaka, unapata jogoo wa sura tu, mbegu yake haina nguvu. Kila baada ya muda lazima umrudishe msumeno mmoja kwa mitetea."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya. Watu walikuja kwangu kutazama kuku safi. Ningewaambiaje kwamba usafi wao unatoka kwa yule niliyemficha?" Bibi akaanza kulia, kilio kidogo cha mtu asiye na pumzi. "Nilisema nitakuambia kesho. Kesho ikawa leo."

Bi Pindo hakuaga. Alimpigia shemeji. Simu ikaita weee, haikupokelewa. Akapiga tena. Akatoka mguu niponye. Alikimbia na kandambili, na moja ikabaki barabarani, hakugeuka. Mwanamke aliyeogopa kuvuka njia bila kushikwa mkono alikatiza kituo cha mafuta katikati ya magari, yanampigia honi, haoni hasikii. Kichwani alikuwa na sala moja tu: mmoja, mmoja tu, nipe mmoja.

Shemeji alikuwa nyuma ya bucha, aproni imelowa, simu imeachwa juu ya rafu. Mezani kulikuwa na kuku watatu wameshanyonyolewa. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke.

"Wa nne!" Bi Pindo alipiga kelele. "Wa nne yuko wapi?"

"Shemeji, vipi, mbona mguu mmoja pekupeku? Wa nne huyo kwenye kreti. Kanichana mkono, mshenzi yule, nikasema atangoja ninywe chai."

Bi Pindo akapiga magoti mbele ya kreti. Loh! Kati ya wanne, aliyebaki ndiye mbaya kupita wote. Pindo lilikuwa limevurugika, weupe umejaa vumbi jeusi kifua kizima, mkia umeelekea upande. Na juu ya yote, kilemba chenye meno sita kimesimama kama kinamdhihaki. Mkono wake, mkono uliokataa kuku wa namna hii miaka kumi na tisa, ukasita kwenye mlango wa kreti.

"Nikumalizie?" shemeji akauliza.

"Ukimgusa nakufa," alisema, na akamtoa mwenyewe. Alimbeba kifuani mpaka nyumbani, njia nzima akiogopa kwamba atamponyoka.

Majogoo wawili wazuri aliwatenga. Yule mbaya akamweka na mitetea tisa, naye Bi Pindo akakaa wiki tatu bila kula sawasawa. Mayai yalipotimiza siku saba kwenye mashine alishindwa kuingia stoo. Alisimama mlangoni, ameshika kitasa. Ikabidi aitwe shemeji.

"Wewe shika tochi," alimwambia. "Mimi siwezi kuangalia."

Shemeji akaingia, akalitoa yai la kwanza, akamulika. Akaligeuza, akalimulika tena.

"Sema basi!"

"Shemeji, samahani. Hili limeharibika. Lina kama buibui mwekundu ndani, miguu imetapakaa kila upande. Nilitupe?"

"Usilitupe!" Bi Pindo alijikuta ameshaingia ndani, ameshika mkono wa shemeji kwa mikono yake yote miwili. "Hiyo ni mishipa ya damu. Hicho ni kifaranga. Angalia katikati, lile doa. Linapiga?"

Shemeji akalisogeza yai karibu na jicho lake. Mtu aliyechinja kuku mia kwa wiki tangu ujana wake, na sasa amelishika yai moja kama kitu cha kuazima.

"Linapiga," akanong'ona. "Shemeji, nishike, nisije nikaliangusha."