Kikombe Kimoja cha Maji ya Chemchemi

Leo tumbo langu limenishinda hoja mbele ya soko zima la Kakuma.

Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, alikuwa akiuza maji ya chemchemi ya moto, eti hufungua tumbo lililofunga.

"Uongo," nikasema. Nikanywa kikombe kizima, nikaketi, ili wote washuhudie kwamba hayana kitu.

(Langu lilikuwa limefunga tangu Jumapili. Hilo sikulitangaza.)

Punde likanguruma. Kuinuka ni kushindwa. Kubaki ni hatari zaidi.

"Mwalimu, mbona uko unatoka jasho?" akauliza Mama Furaha.

"Ni jua."

Tulikuwa kivulini.

"Choo iko nyuma ya kanisa, baba."

Nilikusudia kutembea kwa heshima. Nilikimbia.

Niliporudi, nilikuta foleni ndefu ya wanunuzi. Nikasimama mwisho wake.

Chekeni, lakini semeni kweli: ninyi mngebaki mmeketi?