Tangi Lililolala

Kila asubuhi, kabla hata hajatua mkoba begani, Mama Kijiti hufungua kifuniko cha tangi la dizeli nyuma ya hospitali, hutumbukiza kijiti chake mpaka kigonge chini, hukitoa, hukifuta kwa kitambaa, kisha hukitumbukiza tena. Anasoma mara ya pili tu. Ya kwanza, anasema, ni ya kusalimiana. Halafu anaandika kwenye daftari lenye jalada gumu: sentimita upande wa kushoto, lita upande wa kulia.

Kijiti chenyewe ni ubao mwembamba wa mita moja na nusu. Ukikiona mara ya kwanza utadhani aliyekichora alikuwa na haraka, maana mistari yake haiko sawa. Chini imeachana, katikati imebanana kama watu kwenye benchi fupi, juu ikaachana tena. Hakuwa na haraka. Tangi lake limelala kwa ubavu kama pipa, kwa hiyo ni jembamba chini, pana katikati, jembamba tena juu. Sentimita moja ya katikati hubeba mafuta mengi kuliko sentimita moja ya chini.

Alipoajiriwa kuhudumia jenereta alikuta kijiti kingine, kilichogawanywa sawa kwa sawa. Mchana mmoja umeme ulikatika, na kijiti hicho kikamwambia tangini mna lita mia moja themanini na ushee. Zilikuwemo tisini tu. Jenereta lilizima mapema kuliko alivyowaahidi wauguzi, na mmoja wao akamalizia kushona kidonda kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna aliyedhurika, lakini yeye hakupata raha. Tangi liliposafishwa mwezi uliofuata, alilijaza upya kwa dumu la lita ishirini, dumu baada ya dumu, akichora mstari kila mara. Yalikuwa madumu mia moja na kumi na tatu. Alifanya kazi hiyo siku mbili, mgongo ukamuuma wiki nzima, na jina likamganda.

Miaka tisa baadaye, akiwa na miaka arobaini na sita, alijiandikisha chuoni. Mkuu wa mitambo wa hospitali alikuwa anakaribia kustaafu, na barua ya uongozi ilisema wazi kwamba nafasi ile haitapewa mtu asiye na stashahada. Masomo yote aliyapita. Likabaki moja: hesabu za integrali na mifululizo isiyo na mwisho. Sheria ya chuo inaruhusu kuurudia mtihani mara mbili tu. Mara ya tatu ukianguka, unafutwa kwenye orodha.

Mimi nilikuwa msaidizi wa mhadhiri. Nilikuwa nimemaliza shahada mwaka uliotangulia, na nilikuwa naendesha vipindi vya mazoezi huku nimelipa darasa mgongo, naongea na chaki. Siku ya kwanza sauti yake ilitoka kiti cha mbele.

"Mwalimu mdogo, ubao unakusikia vizuri sana. Na sisi je?"

Darasa lilicheka. Niligeuka, na ndipo nilipomwona: mwanamke mnene aliyevaa koti la kazi, kalamu tatu zimechomekwa mfukoni.

"Samahani, mama," nikasema.

"Usiombe samahani, mwanangu. Ongea tu. Hiyo integrali inakaa kwenye tangi gani?"

Kwake kila integrali ilikuwa na tangi lake. Nilimweleza kwamba tunakikata kitu vipande vyembamba mno, kisha tunavijumlisha vyote.

"Kama madumu yangu."

"Ndiyo, mama. Ila dumu ni dogo."

"Dogo kiasi gani?"

"Dogo kuliko lolote utakalotaja."

"Na anayebeba ni nani?" akauliza, kisha akaandika maneno yangu yote bila kungoja jibu.

Mtihani wa kwanza ulimwangusha vibaya, na hilo halikumshangaza mtu. Hakuwa amegusa hesabu za aina ile tangu usichana. Wa pili ndio uliouma. Swali kubwa lilikuwa tangi lililolala, kipenyo mita moja na ishirini, urefu mita mbili, limejazwa mpaka kimo cha sentimita arobaini. Mna lita ngapi? Vipimo vile vile vya tangi la hospitali. Mama Kijiti aliandika lita mia sita ishirini na nane. Jibu la mhadhiri lilikuwa mia sita sitini. Alianguka kwa alama mbili.

Mhadhiri alimwita ofisini, na mimi nilikuwepo nikipanga karatasi.

"Mama, lita thelathini na mbili zimekwenda wapi?"

"Zipo chini, mwalimu. Bomba la kutolea mafuta liko sentimita tano juu ya sakafu ya tangi. Chini yake ni matope. Hizo huwezi kuzihesabu, jenereta haliyanywi."

"Katika swali langu hakuna matope."

"Basi tangi lako halijawahi kutumika."

Mhadhiri alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Nilikuuliza mna lita ngapi. Sikukuuliza zitatumika ngapi."

"Aliyeko chumba cha upasuaji anauliza zitatumika ngapi," alijibu, bila ukali. Alama hazikubadilika.

Baada ya hapo aliniomba niwe napita kwake Jumamosi. Mumewe ni fundi cherehani, na meza yake ya kukatia nguo ndiyo iliyokuwa dawati letu. Mama Kijiti alifanyia mazoezi kwenye karatasi kubwa za kaki za kuchorea vielelezo vya nguo, hivyo mara nyingine integrali ilipanda mpaka kwenye bega la gauni la mtu.

"Mke wangu, hiyo ndoano inavua nini?" mumewe aliuliza siku moja, akionyesha ile alama ndefu kwa mkasi.

"Inavua lita. Shona."

"Nashona. Ila ukinitia ndoano kwenye sketi ya mteja, utaivaa wewe."

"Kiuno chenyewe hakinitoshi hata mguu mmoja," alisema, nao wakacheka, nami nikainamia daftari langu.

Shida ilikuwa kwenye mifululizo. Kipeuo cha pili kilichomo kwenye hesabu ya tangi la aina ile kina njia yake ya mkato, lakini ilimtoroka kila alipoikariri. Nikamfundisha njia nyingine: kukigeuza kipeuo kuwa mstari wa vijumlisho vyepesi, cha kwanza kikubwa, kinachofuata kidogo, kinachofuata kidogo zaidi, bila mwisho. Kila kimoja peke yake ni hesabu ya mtoto wa shule.

"Bila mwisho?" Aliweka kalamu chini. "Sasa nitamaliza lini, mwanangu? Nina zamu asubuhi."

"Humalizi, mama. Unaacha."

"Naacha wapi?"

Nilimpa jibu la kitabuni: unaacha pale masalio yanapokuwa madogo kuliko kosa linaloruhusiwa. Aliliandika, akalipigia mstari, lakini usoni nilimwona hajashiba. Jumamosi zote zilizobaki alikuwa anakwenda mpaka kijumlisho cha sita, cha saba, cha nane, karatasi ya kaki ikiisha anageuza upande wa pili. Muda wa mtihani ungemwishia hapo hapo. Nilijua, na nilishindwa kumwambia.

Mtihani wa tatu nilikuwa miongoni mwa wasimamizi. Swali la mwisho lilikuwa tangi lile lile, na mhadhiri alikuwa ameongeza sentensi moja: Tangi ni jipya na halina matope. Watu wawili watatu waliguna kwa kicheko. Mama Kijiti alisoma, akamtazama mhadhiri aliyesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekubali bei. Mtahiniwa alitakiwa atumie mfululizo na aishie kwenye usahihi unaofaa.

Mtihani ulikuwa wa saa tatu. Ilipopita saa moja na nusu alifunika kalamu zake moja moja. Nilipita karibu naye nikitamani kusema, mama, muda bado upo. Msimamizi haruhusiwi. Karatasi aliyonikabidhi ilikuwa na nusu ukurasa tu kwenye swali lile, wakati kijana wa nyuma yake alikuwa kwenye ukurasa wa tatu anafuta jasho. Nilimtazama akitoka, koti la kazi mkononi, nikaamini amekata tamaa.

Wiki mbili sikupita kwake. Nilijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikujua ningemtazamaje.

Matokeo yalibandikwa siku ya Jumatatu. Alama ya kupita ni arobaini. Yeye alikuwa na hamsini na nne. Nilisoma namba yake ya usajili mara mbili, ya kwanza ya kusalimiana. Kisha nikaenda kumwuliza mhadhiri, naye akanionyesha nusu ukurasa ule. Mama Kijiti alikuwa amechukua nusu ya tangi, lita elfu moja mia moja thelathini na moja, na kutoa mkanda wa mafuta unaopungua kufika katikati. Kijumlisho cha kwanza cha mkanda: lita mia nne themanini. Cha pili kiliupunguza mkanda huo karibu lita tisa. Akaishia hapo. Jumla: mia sita na sitini, akiacha sehemu ndogo ya lita. Alama zote za swali.

Kesho yake nilifika hospitalini saa kumi na mbili na nusu. Alikuwa anafunua tangi, mkoba bado begani. Ile barua ya uongozi kuhusu nafasi ya mkuu wa mitambo ilikuwa imekunjwa ndani ya lile daftari, naye aliitumia kama alama ya ukurasa wa siku.

"Mwalimu mdogo! Ulipotelea wapi? Mume wangu anasema umeikimbia ndoano."

Mwaka mzima yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza maswali. Mimi sikuwahi kumwuliza hata moja. Sasa nikamwuliza.

"Mama, ulijuaje pa kuachia?"

Alitoa kijiti, akakifuta, akanionyesha mstari mmoja kwa ukucha.

"Kijumlisho kilichofuata hakikufika kikombe kimoja. Mstari huu una unene wa lita mbili. Nikaacha."