Fromaje ya mama mukwe ku kiti ya mbele

Gari yangu inanuka maziwa ya kuoza, na ni mimi nilijitafutia.

Tangu niinunue, baridi ya Masisi ikinipiga, ninafinya buto ya kupasha kiti yangu moto. Inabaki baridi tu. Nikazania imekufa, nikaacha buto inawaka.

Leo tunashuka Sake. Mama mukwe amekatala kukala mbele. Ameweka pale fromaje yake ya maziwa ya kugandisha, yeye akakala nyuma.

Kufika, fromaje imeyeyuka mupaka mu mishono ya kiti. Mwenye anajua dawa ya hii harufu aniandikie.

Kumbe buto ya shofere njo inapasha moto kiti ya mwenye anakala pembeni yake.

Mama mukwe akagusa kiti, akasema:

"Siku ya Mungu tukienda kanisa nilikala apa, nikasikia moto mu mwili. Nilimeza dawa ya malaria."