Pacha wa Ukurasa wa Ahadi

Watu wa mtaa walimwita Mama Gundi, naye hakulikataa jina. Vidole vyake vilinukia gundi siku za kazi na siku za ibada, na mdogo wake alipenda kusema kwamba siku dada yake akimshika mtu mkono kwa moyo wote, itabidi waletewe maji ya moto ndipo waachane.

Kazi yake ilikuwa kushona vitabu vilivyochakaa. Alifundishwa na baba yake, akarithi kwake sindano nne, meza nzito ya mbao na mfupa wa kukunjia karatasi uliokuwa umelainika kama kipande cha sabuni. Alishona vitabu vya shule na madaftari ya ofisi, lakini zilizomjia kwa wingi ni Biblia. Zililetwa zimefungwa kwa mpira, kwa utepe, nyingine kwa soksi. Yeye alizilaza chali mezani, akaziachia, nazo zikafunguka zenyewe pale msomaji wake alipozoea kuegemea. Kwa namna hiyo alijua, bila kuuliza, nani ana hofu, nani amefiwa, nani anaomba mtoto. Hakumwambia mtu.

Biblia yake mwenyewe ilifungukia Yeremia, sura ya ishirini na tisa. Hapo pana barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka mbali na kwao, akiwaambia kwamba Mungu anawawazia mema, na kwamba miaka sabini ikitimia atawarudisha nyumbani. Pembeni ya maneno hayo palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa penseli, kwa herufi ndogo za mtu asiyependa kupoteza nafasi. Ndivyo walivyozoea katika darasa lao la Biblia: ukiishika ahadi, unaiandikia tarehe, ikitimia, unaandika ya pili chini yake. Tarehe ile ilikuwa ya siku ambayo binti yake wa pekee aliondoka na sanduku moja, baada ya kusema hataki kuzeeka akinuka gundi, na baada ya mama yake kumjibu neno ambalo hakuna penseli ya kulifuta.

Miaka sabini aliiona wazi. Lakini ile ilikuwa kwa taifa zima. Kwa mama mmoja na binti mmoja, alihesabu, saba ingetosha. Sifuri aliiondoa mwenyewe, kimyakimya, kama anayekata uzi uliobaki kwenye pindo la nguo. Na leo saba ilikuwa imetimia.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu mwepesi, mwanga wake wa rangi ya maziwa, na kila sauti ya nje ilifika kana kwamba imepita kwanza ndani ya pamba. Alitandika meza ya chakula mapema kuliko siku zote.

"Sahani tatu," alisema mdogo wake, aliyekuwa akivaa viatu aende kwenye kazi yake ya ushonaji.

"Nimeona."

"Tupo wawili, dada."

"Kuhesabu najua."

"Hapo ndipo penye shida. Unajua mno." Mdogo mtu alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Ni yeye peke yake aliyeambiwa habari ya sifuri. "Ungempigia tu. Simu yake unayo. Kila mwaka mpya anakuandikia kwamba ni mzima, nawe unamjibu kwamba umeshukuru, kama karani wa mapokezi."

"Nikimpigia nimwite, akaja, nitajuaje kama ni Mungu aliyemleta?"

"Na asipokuja?"

Mama Gundi aliinyoosha sahani ya tatu ikalingana na zile mbili. Swali hilo alikuwa amelikwepa mwaka mzima. Binti asipokuja leo, hakujua angeushika vipi ukurasa mwingine wowote wa kitabu kile.

Alipobaki peke yake alikwenda kwenye meza yake ya kazi. Meza hiyo ilikaa katika ujia mwembamba kati ya jiko na mlango wa mbele, mahali ambapo taa iliwashwa hata adhuhuri. Nyuma yake palikuwa na chumba cha binti, chenye dirisha pana lililoelekea mashariki. Miaka saba kilifagiliwa kila Ijumaa na mashuka yakabadilishwa, asilale mtu. Mwanga mzuri kuliko wote nyumbani mle uliingia chumbani humo kila asubuhi, ukalala juu ya kitanda kitupu, ukaondoka.

Akaifungua Biblia yake asome ahadi yake kabla ya kazi. Ukurasa ukabaki mkononi.

Haukuchanika. Ulitoka taratibu, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Alikaa akiushika, akacheka kidogo peke yake: fundi wa vitabu vya watu wote, na chake hakukitazama. Kisha akaacha kucheka, akaanza kusikiliza mlango.

Ulipogongwa, alisimama upesi hata kiti kikaanguka.

Alikuwa mwalimu wa darasa la Biblia, mzee mrefu aliyewahi kuwa mpeleka barua, mpaka leo wakimwita Posta. Alikuwa amefuata vitabu vya nyimbo.

"Nimekutisha?" aliuliza, akikiinua kiti.

"Hapana. Nilidhani ni mtu mwingine."

"Mimi huwa mtu mwingine mara nyingi. Mke wangu akinifungulia huonyesha sura hiyohiyo." Macho yake yakatua kwenye ukurasa ulio mezani. "Nani amekuchania?"

"Nimeuchosha mwenyewe." Alisita, akikwangua gundi iliyokauka kuchani. "Mwalimu, ahadi ya Mungu yaweza kuchelewa?"

Posta aliona tarehe ya penseli. Hakuigusa. Aliketi kwenye kigoda, magoti yakimpanda karibu na kidevu.

"Nimetembeza barua miaka thelathini na mmoja. Unajua siku ya kwanza nilifundishwa nini?"

"Kukimbia mbwa."

"Hiyo ilikuwa siku ya pili. Siku ya kwanza nilifundishwa kusoma anwani. Hiyo barua unayoishika, juu imeandikwa ni ya nani?"

"Ya mateka."

"Wazee wao, makuhani, watu wote. Wengi walioisikia ikisomwa walikuwa na mvi tayari. Sasa ongeza miaka sabini."

Aliongeza. Hakupenda jumla yake. "Basi walifia hukohuko."

"Walifia hukohuko, na barua wanayo."

"Kwa hiyo si yangu."

"Sikusema hivyo." Mzee alijikuna shavu. "Ukiokota barua ya watu wengine, huwezi kwenda mlangoni kwa mwandishi ukadai siku aliyowapangia wao. Lakini ukiisoma yote, utajua aliyeandika ni mtu wa namna gani. Kama hutunza neno, kama huwasahau watu wake. Na ikiwa mwandishi huyo ni baba yako pia, hilo si jambo dogo." Akainuka na vitabu vyake kwapani. "Ila usimwambie mtu kwamba Posta ameruhusu kusoma barua za watu."

Alipoondoka, nyumba ilirudi kwenye pamba yake. Mama Gundi aliuelekeza ukurasa kwenye taa na, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaanza juu. Siku zote alianzia penye penseli, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu mtihani. Mbele ya ahadi palikuwa na kazi. Mateka waliambiwa wajenge nyumba na kukaa humo. Wapande bustani, wale matunda yake. Waoze watoto wao. Wauombee heri mji uleule walioletwa bila kupenda. Hakuna aliyeambiwa atandike chumba na kukifunga.

Akachukua sindano na uzi uliopakwa nta. Kuna jambo ambalo kila mshona vitabu analijua: ukurasa hauko peke yake. Karatasi moja pana hukunjwa katikati, sindano ikapita kwenye mkunjo, ikawa kurasa mbili, moja huku, pacha wake kule mbele. Mkunjo ukichakaa, pacha naye amelegea, hata kama bado anaonekana kusimama. Hushoni mmoja ukamwacha mwenziwe.

Akamtafuta pacha wa ukurasa wake. Alikuwa karatasi tatu tu mbele, na alipoguswa akatoka naye bila ubishi. Ukurasa huo ulikuwa msafi, pembe zake kali, haujawahi kuwekewa tarehe wala kidole. Akausoma akiwa amesimama, kisha ameketi.

Mji umezingirwa na adui. Nabii yuleyule aliyeandika barua amefungwa katika uwanja wa walinzi, na anakuja binamu yake kumwuzia shamba. Shamba ambalo askari wa adui wanalikanyaga wakati huohuo. Nabii analinunua. Mbele ya mashahidi anaandika hati, anaitia muhuri, anaagiza iwekwe ndani ya chombo cha udongo idumu siku nyingi, kwa sababu Mungu amesema nyumba na mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Hapo fundi ndani yake alitikisa kichwa kukubali: udongo uliochomwa vizuri hutunza karatasi. Hati ikafunikwa. Na mtu yule akaendelea kuwa mfungwa, asijue siku. Alikuwa amefanya la upande wake.

Taa ilivuma kidogo. Vumbi la karatasi lilielea katika mwanga wake, likipanda na kushuka bila haraka, naye akaweka shavu juu ya meza apumzishe macho. Aliona shamba pana lenye ukungu, na binti yake upande wa pili akilipima kwa uzi wa kushonea. Uzi ulikuwa mrefu, ukija mpaka mkononi mwake, na alipotaka kuita aliona ni afadhali kwanza auvute kidogo, aone kama umekaza. Ulikuwa umekaza.

Aliamka jua likielekea machweo, alama ya mfupa wa kukunjia imejichora shavuni. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, akitazama sahani tatu.

"Nani amekuja?"

"Mwalimu. Kuchukua vitabu vya nyimbo."

Mdogo mtu alivua viatu polepole. Alikuwa amejiandaa kwa machozi tangu kituoni, na sasa hakujua mikono aiweke wapi. "Dada, pole."

"Nishikie upande huo wa meza."

"Tunaipeleka wapi?"

"Chumbani."

"Chumba kipi?"

"Kwani tuna vingapi? Kuna chako, kuna changu, na kuna kile chenye mwanga."

Meza ilipita mlangoni kwa kulazwa ubavu, ikiacha mkwaruzo kwenye rangi. Kitanda hawakukitoa, walikisogeza ukutani, mashuka yakiwa juu yake. Mdogo wake alihema, akasema kwamba kama Mungu alingoja miaka saba ili mgongo wake uzeeke kwanza, basi amefaulu. Mama Gundi alipanga sindano zake nne kwenye kizingiti cha dirisha. Kisha akachukua simu, akatazama jina la binti yake kwa muda. Alikuwa amejiambia kwamba kuisaidia ahadi ni kukosa imani. Chini ya hilo, kama kitambaa kilichofichwa chini ya kitambaa cha meza, palikuwa na kiburi tu, na leo alikiona rangi yake.

Simu iliita mara tano.

"Mama? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba." Aligusa kizingiti cha dirisha. "Nimehamishia meza yangu chumbani kwako. Kitanda kipo palepale, nimekisogeza tu."

Mbali huko maji yalikuwa yakimiminika, kisha mtu akafunga bomba.

"Lile neno nililokuambia mlangoni," alisema Mama Gundi. "Kwamba ukitoka, nyuma yako pamefungwa. Nilikosea. Ilinipasa nikupigie kesho yake, nami nikakaa kukungoja wewe. Nisamehe, mwanangu."

Alimsikia akipumua, pumzi ileile ya utotoni, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

"Dirisha linafunguka siku hizi?" binti aliuliza.

"Nusu."

"Usilisukume kama mlango, mama. Linyanyue kwanza, halafu sukuma kwa chini."

Alilinyanyua kwa mkono mmoja, akasukuma kwa chini. Likaachia lote, na hewa ya jioni ikaingia na kuzizungusha sindano kizingitini.

"Limefunguka."

"Mimi nilikuwa nikilifungua lote kila siku. Hukuwahi kuniuliza."

Waliongea mpaka giza likakaribia. Alipoweka simu, mdogo wake alikuwa amegandamana na mlango.

"Amesema anakuja lini?"

"Sikumwuliza."

"Sasa mlikuwa mkiongea nini muda wote huo?"

"Dirisha," alisema Mama Gundi.

Kesho yake, jua likiwa limejaa mezani, alizishona kurasa mbili kwa uzi mmoja. Tarehe ya penseli hakuifuta wala hakuiandikia mwenzake, aliiacha ilivyo. Kitabu kilichoshonwa upya husahau tabia yake. Ukikilaza chali hakijui pa kufungukia. Aliilaza Biblia yake, akaiachia. Ikafunguka mahali asipopakumbuka, penye sheria za kukagua kuta za nyumba zilizoota ukungu. Alitazama kuta za chumba, akatabasamu, akavuta kiti, akaanza kusoma kutoka juu.