Jina la Mume wa Nadine

Mwajabu Hilali alikuwa hafungui ofisi kabla hajaizunguka. Kila asubuhi aliweka mkoba wake mlangoni, akapita ubavuni mwa jengo, akasimama nyuma yake akitazama bonde mpaka ukungu unyanyuke. Kisha alitaja vitu vitatu kwa sauti ndogo. Maua ya maharage katika shamba la jirani, meupe na ya zambarau, yakiwa bado na umande. Alhamdulillahi. Moshi uliokuwa ukipenya nyasi za paa la jiko, utadhani jiko zima linapumua. Alhamdulillahi. Cha tatu kilimsumbua. Mara nyingi, kabla hajakipata, macho yalikuwa yameshateremka yenyewe hadi kwenye kile kijia chembamba kinachoelekea mpakani, na hapo ulimi ulikwama. Alirudi mlangoni, akaokota mkoba, akaingia kazini.

"Mama Mwajabu kamaliza kusoma gazeti lake," Tharsisi alimtania. "Leo wameandika nini?"

"Wameandika kwamba mlinzi wetu kakutwa amelala tena."

"Uongo wa magazeti huo."

Tharsisi alikuwa Muha wa hapohapo Mabamba. Aliajiriwa kama mlinzi wa kituo cha mapokezi, lakini kazi yake hasa ilikuwa ukalimani, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana, na Mwajabu, aliyetoka Urambo, hakujua hata kimoja. Alipangiwa Kibondo mwaka 1994. Kwa miaka miwili ya mwanzo, ungemuuliza ua la maharage lina rangi gani, asingekujibu. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kwa mamia, na yeye alikuwa na kalamu moja na fomu zisizokwisha. Jina. Kilima unakotoka, maana Burundi kilima ndicho kijiji. Umri. Mume. Haya, anayefuata. Jioni vidole vilikuwa vimekakamaa, na nyuso zote za siku ile zimekuwa uso mmoja usio na macho.

Mwishoni mwa mwaka 1996 Tharsisi aliugua malaria, akalala nyumbani wiki nzima. Mwajabu aliendelea peke yake kwa Kiswahili cha taratibu na ishara za mikono. Siku ya tatu alifika mwanamke mjamzito, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Alijiandikisha kwa jina la Mpawenimana Nadine, akataja kilima chake.

"Mume wako?" Mwajabu aliuliza.

"Niyibizi."

Mwajabu akaandika Niyibizi. Mwezi ule peke yake alikuwa ameshaandika akina Niyibizi wanane au tisa, na mkono ulilifahamu jina lile kuliko alivyolifahamu yeye. Mbele ya neno "yuko wapi" akaandika "hajulikani". Haya, anayefuata.

Orodha ya watu wanaotafutana ilipelekwa kwenye makambi yote na kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Miezi minne baadaye lori lilileta mwanamume kutoka kambi moja ya upande wa Kasulu. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri, amevaa shati la kuazima, mikono yake imemwishia juu ya viganja. Nadine naye aliitwa kutoka kambini, akaja na kichanga mgongoni. Alikuja mbio. Alipofika mlangoni akasimama ghafla.

"Si yeye," alisema.

Tharsisi akamgeukia kwa Kiha, na Mwajabu akasubiri aelezwe.

"Wewe si ulisema mume wako ni Niyibizi?"

"Mume wangu ni Nduwayezu. Nilipoulizwa mume wako, nilidhani naulizwa yuko wapi. Nikajibu, Mungu ndiye anayejua."

Tharsisi akatazama chini. "Mama," akamwambia Mwajabu, "Niyibizi ni jina la mtu, ni kweli. Lakini pia ni maneno. Maana yake, Mungu ndiye anayejua."

Yule mgeni aliketi kwenye benchi, akaanza kukunja mikono ya shati lisilokuwa lake. Mke wake naye alikuwa akiitwa Nadine. "Hilo jina lake lingine na kile kilima nilidhani mmekosea kuandika," alisema kwa Kiswahili cha Kasulu. "Nyie mnakosea sana." Hakusema kwa hasira.

Nadine alipoondoka, yule mgeni alimfuata Mwajabu uani. "Kuna jambo, mama. Nilipokuwa nasoma ule ubao, kulikuwa na mtu pembeni yangu. Alikuwa amelala chini siku mbili kwa homa, lakini kila orodha ikija lazima aje. Alisoma jina la huyu dada kwa kidole, pole pole, na kilima. Halafu akasoma jina la mume. Akaniuliza, 'Niyibizi ndiye wewe?' Nikasema ndiye mimi, nilikuwa na furaha. Akanishika mkono. Akasema, 'Mtunze.' Wiki ileile akavuka kurudi kwao."

"Aliitwa nani?"

"Hakusema. Watu wa hema lake walimwita Nduwayezu."

Mwajabu alisahihisha fomu siku hiyohiyo. Orodha mpya ikabandikwa ikiwa na jina la kweli, na hakuna aliyejibu, na yeye alijua kwamba hatajibu mtu. Lile neno la uani hakumwambia Tharsisi, wala Nadine. Kesho yake asubuhi ndipo aliposimama nyuma ya ofisi kwa mara ya kwanza. Alijiambia kwamba atajifunza kutazama, aanze na vitu vidogo. Vilikuwepo siku zote, na vilikuwa vizuri mpaka vinauma. Hakuwahi kumwona Nduwayezu hata siku moja, lakini mgongo wake aliujua. Aliuona kwenye kijia, ukipungua. Wakati mwingine, akiwa mezani, alipotamka "mume wako?" alihisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake akisoma anachoandika.

Kibaya zaidi ni kwamba Nadine alimpenda. Kila Jumatano alipopita kwenda sokoni alichungulia dirishani na binti yake. "Murakoze, mama," alisema, akimshukuru kwa Kirundi. "Ni wewe uliniandika." Angemtukana, Mwajabu angelala vizuri zaidi.

Jumatano moja ya mwaka 1998 hakuchungulia. Aliingia, akaketi, akampakata mtoto. Kiswahili alikuwa ameshakijua.

"Mama, Venanti ameniuliza kama nitaolewa naye."

"Venanti fundi seremala?"

"Huyohuyo. Maneno mengi kuliko mbao." Akacheka kidogo, akaacha. "Nimemwambia asubiri, mimi ni mke wa mtu. Sasa angalia tena kwenye kitabu chako. Kama Nduwayezu ananitafuta, nitangoja hata miaka kumi. Kama hanitafuti, uniambie leo."

Mwajabu alifungua kitabu, kwa mazoea tu. Angeweza kusema hayumo, na ingekuwa kweli. Nadine angeolewa, mtoto angepata baba, na Jumatano zingeendelea kuja na shukrani zake. Nje mtu alikuwa akitwanga, na mchi ulipiga mara nyingi kabla hajakifunga kitabu.

"Alikutafuta," alisema. Kisha akamweleza yote: ubao, kidole, jina la mume, neno lile alilomwambia mwenzake, na kuvuka. "Alikwenda akiamini una mume mwingine. Alisoma nilichoandika mimi. Nimelijua hili tangu siku ile ya lori, nikakuficha."

Nadine hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akaikaza kanga, akaifungua, akaikaza upya. Tharsisi alitokea mlangoni, akawaona, akarudi nje. Nadine akasimama mbele ya meza, mahali palepale aliposimama na kiatu kimoja.

"Nikuulize kitu kimoja tu, mama. Siku ile nilipokujibu, uliniangalia usoni?"

"Hapana," Mwajabu alisema. "Nilikuwa naangalia karatasi."